Jinsi ya kuwa mpole kila siku kama Mkristo, hasa kwa watu unaowaweza

Kitenge kilikuwa cha yadi sita, rangi ya maziwa na maua makubwa ya bluu yenye mashina marefu, yani hata mtu asiyejua kushona anaona kabisa juu ni wapi na chini ni wapi, na binti ninayemfundisha kazi alikata mgongo wote maua yakiangalia chini. Ijumaa saa tisa mchana. Sendoff kesho yake. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, nina vyerehani vitatu na mabinti wawili wanajifunza, na kanisani niko kwaya, ukiuliza kule watakwambia aah yule mama mpole sana hana shida na mtu. Sasa ungeuliza pale kwenye fremu siku ile. Nilichoongea sitakiandika hapa, ila mkasi niliutupa mezani ukadunda mpaka chini, majirani wawili wakaja kuchungulia, na binti akabaki amesimama palepale ameshika chaki, hasemi kitu, machozi yanadondokea kwenye kitambaa cha watu.

Haikupita nusu saa mama mwenye fremu akaja kudai kodi, nilikuwa nimechelewa wiki mbili, akanisema mbele ya wateja, na mimi nikamjibu shikamoo mama, naomba univumilie mpaka Jumatatu, kwa sauti laini kama asali. Nikaisikia mwenyewe ile sauti. Yani kumbe nilikuwa nayo muda wote, sema nilikuwa nimemtunzia mwenye fremu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijifunza hili jambo kama mtu anayejifunza kushona, hatua kwa hatua, nafumua narudia. Haya ndo ninayoyafanya, mengine nimeyapata kwenye Neno, mengine kwa kukosea tu. Sijafika, asee, nisikudanganye.

HATUA YA 1: Tuelewane kwanza upole ni kitu gani

Mtaani mpole ni mtu wa kuonewa, mtu ambaye ukimkanyaga anakwambia samahani. Ndo maana watu wengi hasa wanaume hawautaki, wanaona utawaharibia biashara. Ila soma Biblia vizuri. Hesabu 12:3 inasema Musa alikuwa mpole kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi, na ni huyohuyo Musa aliyesimama mbele ya Farao, na ni huyohuyo alivunja zile mbao za mawe chini ya mlima. Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 11:29 anasema mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo, alafu nenda Yohana 18, pale kwa kuhani mkuu askari anampiga kofi. Hakurudisha. Ila hakunyamaza pia, alimuuliza, kama nimesema vibaya ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini? Ona hapo, swali la haki kabisa, kwa mtu aliyempiga, bila tusi. Huo ndo upole.

Kwahiyo mimi nimejiwekea maana yangu ya kufanyia kazi: upole ni mtu mwenye uwezo wa kuumiza ambaye ameushika uwezo wake asiumize. Kama huna uwezo wowote juu ya mtu, ukimwongelesha vizuri hatujui bado kama ni upole au ni woga. Mimi kwa mwenye fremu nilikuwa muoga tu. Kipimo changu kilikuwa ni yule binti mwenye chaki.

Na Kiswahili chetu kina siri yake hapa, maana pole tunayo mdomoni kutwa nzima, pole na kazi, pole na safari, pole kwa msiba, na huku kwetu waongoza watalii kazi yao ni kuwaambia wageni polepole, polepole, kwasababu ule mlima wa Kilimanjaro ni mita 5,895 na anayeukimbilia mara nyingi ndo huyo anayeshushwa kichwa kinampasuka. Upole umetoka humohumo. Kuna kumpa mtu pole na kuna kwenda polepole, ukikosa kimoja kati ya hivyo viwili upole unakuwa haupo.

Kingine, Wagalatia 5:22-23 inauita tunda la Roho, na upole umewekwa karibu na mwisho kabisa, baada yake ni kiasi. Tunda. Anayelima kahawa anajua mche ukiupanda leo unasubiri kama miaka mitatu ndo uanze kuona buni, na katika hiyo miaka mitatu hukai tu, unapalilia, unaweka mbolea, unakata matawi. Roho ndo anaotesha, sisi ni kazi ya shamba. Kwahiyo anayesema "mimi nimezaliwa na hasira, kwetu wote tuko hivi" namwelewa, kwetu pia wako hivyo, ila shamba ni shamba.

HATUA YA 2: Daftari la upande mbili

Chukua daftari la kawaida, chora mstari katikati. Kushoto andika watu unaowaogopa au unaowahitaji: bosi, mwenye nyumba, mchungaji, mteja mkubwa, mama mkwe, trafiki. Kulia andika watu unaowaweza, yani watu ambao ukiwafokea leo hakuna kitakachokupata: dada wa kazi, mtoto wako, mdogo wako anayekaa kwako, mwanafunzi wako wa kazi, konda, mlinzi, yule mama wa ndizi anayepita na beseni, na kwa wengine, tuseme tu ukweli, mke.

Wiki nzima kila jioni kabla ya kusali unaandika maneno machache tu. Leo nilimwongelesha nani wa kulia, kwa sauti gani. Usiandike sababu! Mimi wiki ya kwanza niliandika sababu tupu, ooh alichelewa, ooh nilimwambia mara tatu, nikajikuta nimejaza kurasa nne za kujitetea. Wiki ya pili nikaacha sababu nikaandika sauti tu, "nilifoka", "nilimnunia", "nilimjibu bila kumwangalia", ikawa aibu, ila aibu nzuri.

Nilipokuwa kwenye daftari hilo ndo nikasoma tena habari ya Gideoni, Waamuzi sura ya 8, na sijawahi kuisikia ikihubiriwa hivi. Watu wa Efraimu wanamjia wamekasirika kweli, kwanini hukutuita vitani? Efraimu ni kabila kubwa, wana nguvu. Gideoni anawajibu kwa upole mpaka utashangaa, anawaambia mimi nimefanya nini ukilinganisha na nyinyi, masazo ya zabibu zenu ni bora kuliko mavuno yetu sisi, na hasira zao zinaisha palepale. Tunamsifia hapo, jawabu la upole hugeuza hasira, Mithali 15:1, amina. Sasa usifunge Biblia, endelea mistari michache tu mbele. Safari hiyohiyo, yeye na watu wake 300 wamechoka, anafika mji mdogo wa Sukothi anaomba mikate, wanamnyima kwa kejeli. Anawaambia nitarudi niwararue kwa miiba. Na alirudi. Akawaadhibu wazee wa mji kwa miiba, na mji wa Penueli ambao nao walimnyima akabomoa mnara wao na kuwaua watu wake. Mtu mmoja, safari moja! Mpole kwa Efraimu wakubwa, miiba kwa Sukothi wadogo. Nilipoisoma nikaona kabisa mwenye fremu wangu na binti yangu wa kazi wamekaa kwenye sura moja.

HATUA YA 3: Zijue saa zako mbaya

Hii ni fupi ila usiiruke. Gideoni alikuwa na njaa na uchovu pale Sukothi. Sisemi njaa ni udhuru, nasema angalia saa. Kwenye daftari langu karibu makosa yote yalikuwa kati ya saa nane na saa kumi mchana, siku ambazo sijala kitu tangu chai na chapati ya saa nne, na Ijumaa kwasababu Jumamosi ndo watu wana sherehe zao, na umeme ukikatika pasi haifanyi kazi ndo kabisa. Eliya alipokimbia jangwani akaomba afe, 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na mahubiri, alimwambia inuka, ule, akamwacha alale tena, akamwamsha tena ale. Maongezi yalikuja baadae.

Kwahiyo mimi sasa saa saba na nusu nakula hata kama mteja amesimama mlangoni, na sipokei tena oda ya "naomba kesho" siku ya Ijumaa. Nusu ya ukali wangu ulikuwa ni tamaa ya kupokea kazi nisizoweza kumaliza, alafu mabinti ndo wanalipia. Wewe saa zako mbaya labda ni asubuhi watoto hawapati viatu, au ni usiku ukitoka kazini umesimama kwenye daladala toka mjini mpaka kwenu. Zijue tu, uziwekee kitu.

HATUA YA 4: Mikono kwanza, alafu sauti, alafu swali

Watu watakwambia hesabu mpaka kumi. Mimi nikihesabu napanda hasira zaidi, nafika kumi nina hotuba. Kilichonisaidia ni mikono. Kosa likitokea, kitu cha kwanza, weka chini ulichoshika. Mkasi, simu, mwiko, usukani sawa huwezi kuuacha ila legeza vidole. Nenda kajaribu, ni ngumu sana kumfokea mtu ukiwa na viganja wazi vimelala mezani.

Cha pili kaa. Kama umesimama, kaa. Kama yeye amekaa, kaa usawa wake, usimsimamie kichwani.

Cha tatu sauti ishuke kuliko ya kawaida, na iwe ndogo kweli, isiwe ile ya kusaga meno, maana kuna watu wanaongea chinichini na bado wanachinja. Mithali 25:15 inasema ulimi laini huvunja mfupa, na mimi nimeona mtu ninayemnong'oneza ananisikiliza kuliko ninayempigia kelele, anayepigiwa kelele anasikia kelele tu, hasikii kosa ni lipi.

Cha nne ndo swali, na liwe swali la kweli. "Wewe ni kipofu?" sio swali. "Ilikuwaje?" ni swali. Yule binti wa kitenge, nilipokuja kumuuliza siku nyingi baadae, akaniambia mama ulisema nikunje kitambaa mara mbili nikate pamoja niokoe muda, nikakunja kwa kukilaza juu chini. Nilisema. Mimi mwenyewe. Nilikuwa naongea na simu wakati namwelekeza. Ningeuliza siku ileile ningejua kwamba kosa nusu lilikuwa la kwangu, na kitenge tungekiokoa pamoja, maana kilikuwa kinaokoleka! Kipande cha mgongo tungekigawanya tukatoa mikono na mkanda, na mgongo tukatumia kile kilichobaki. Ndicho nilichokuja kukifanya usiku saa tano peke yangu, najishonea na kulia.

HATUA YA 5: Uwe na maneno tayari

Hasira ikija ubongo unachukua sentensi iliyo karibu, na sisi zilizo karibu ni zile tulizofokewa tukiwa wadogo. Kwahiyo weka nyingine karibu. Jizoeze ukiwa jikoni, sema kwa sauti, watakuona chizi sawa tu.

Badala ya "nimekwambia mara ngapi?" mimi nasema "tuangalie tena pamoja, nionyeshe unavyofanya." Badala ya "huna akili" (nilishasema, Mungu anisamehe) nasema "hapa umekosea, njoo uone." Kumbe kumwambia mtu amekosea sio ukali, ukali ni kumwambia yeye ndo kosa. Mteja akija na moto kwamba nguo haijaisha, simjibu na historia ya umeme, nasema "una haki ya kukasirika dada, nilikuahidi leo, itaisha kesho saa sita, kama hutaki kusubiri chukua kitambaa na advansi yako." Wengi wanasubiri. Mmoja alichukua, akaenda, sawa.

Dada wa kazi nyumbani salamu kwanza. Sisi Waswahili hatuwezi kuingia duka la mtu kuomba hata moto wa kiberiti bila hujambo habari za saa hizi, alafu ndani kwetu tunaamka na "maji yamechemka?" Nimeanza kumwambia "umeamkaje mwanangu" kabla ya neno lingine lolote, na ninasubiri anijibu, sipiti tu. Kitu kidogo ila ndo kimebadilisha nyumba yangu kuliko vyote humu.

Watoto sasa. Waefeso 6:4 inasema akina baba msiwachokoze watoto wenu, na akina mama msijifiche hapo, inatuhusu. Kuchokoza sio kuadibisha. Kuchokoza ni kumcheka akikosea hesabu, ni kumlinganisha na mtoto wa jirani, ni kumuuliza swali ambalo jibu lolote atakalotoa ni kosa. Mwanangu wa darasa la tatu alikuwa ananificha daftari lake la hisabati. Nikamwambia niletee hata kama ni sifuri, sitainua sauti, na wiki ya kwanza alileta kama mtu anayepeleka bomu, anarudi nyuma. Sikuinua sauti. Zilikuwa mbili kwa kumi, niliuma ulimi kwelikweli.

Barabarani sina mengi. Konda akikurudishia chenji pungufu dai chenji yako, mwite kaka, usimwite "we mwizi." Bodaboda akikupitishia vumbi mwache aende.

HATUA YA 6: Upole unaodai pesa

Hapa ndo wapole wengi wanaanguka, wanaogopa kudai alafu wanasengenya. Nilikuwa na mteja, sare kumi na mbili za kikundi, amechukua zote, hela nusu, miezi mitatu. Kila tukikutana nacheka nae, akigeuka namsema kwa wenzangu. Nikawa najiita mpole. Hapana, nilikuwa muongo mwenye tabasamu.

Wagalatia 6:1 inasema mtu akighafilika katika kosa mrejezeni kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako. Sasa mrejezeni maana yake kuna kumwendea, kuna kuongea. Nilimfuata peke yake, sio mbele ya kikundi, nikamwambia shikamoo dada, nimekuja kwa jambo moja, ile nusu ya sare bado, na imenifikia mahali sijalipa kodi, naomba tupange tarehe leo. Alafu nikanyamaza. Kunyamaza baada ya kuomba ndo sehemu ngumu, mdomo unataka kuanza "lakini kama huna sio mbaya", uzuie. Akapanga tarehe mbili, ya kwanza akalipa, ya pili nimeenda tena kwa sauti ileile. Upole hauhitaji upunguze deni, ukitaka kusamehe samehe, lakini useme umesamehe.

Na jambo moja zito niliweke hapa. Kuna wanawake wanapigwa nyumbani na wanaambiwa kuwa mpole mama, vumilia, omba. Nisikilize dada yangu, upole ni namna unavyoutumia uwezo wako, sio kumpa mtu mwingine ruhusa ya kutumia wake kukuvunja. Yesu alimuuliza aliyempiga wanipigia nini. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda, na kwa mtoto anayeteswa kuna namba 116 unapiga. Ukienda ukaongea kwa utulivu ukaeleza kila kitu ulichofanyiwa, hujaacha kuwa mpole hata kidogo.

HATUA YA 7: Simu

Voisi ya usiku usitume. Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe na uchungu haujawatoka, na kuna watu wanaichukua kama ruhusa ya kumaliza ugomvi saa tano usiku kwa voisi ya dakika saba. Jua lilishachwa zamani hapo mama, lala. Mimi naandika yote kwenye sehemu ya kuandika ujumbe wangu mwenyewe, asubuhi naisoma, karibu mara zote nafuta. Kosa la mtu halijibiwi kwenye grupu, hata grupu la kwaya, hasa grupu la kwaya. Unampigia. Na ukipiga unamwona kama mtu, maana unasikia mtoto wake analia nyuma, unasikia anakohoa, ukali unapungua wenyewe.

HATUA YA 8: Kuomba msamaha kwa mdogo wako

Utaanguka. Kwahiyo hii hatua ni ya lazima, sio ya ziada.

Binti yangu Jumamosi hakuja. Jumatatu hakuja. Nikamtumia meseji "mbona huji kazini", ona na hapo bado najifanya bosi. Jumatano nikapanda gari kwenda kwao Uru. Sasa huku Uchagani tuna mmea unaitwa sale, masale, majani marefu ya kijani, ndio tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, yani mashamba yetu ya ukoo, na ndio huohuo mtu akitaka kuomba msamaha anachukua jani lake anampelekea aliyemkosea, na ukiletewa sale ni vigumu sana kukataa kusikiliza. Nimekaa nalifikiria hilo mara nyingi, mmea uleule unaosema hapa ni mwisho wa kwako ndio unaosema nimevuka naomba nisamehe. Kuna walokole wanaoona ni mila tusizishike, nawaheshimu, mimi kwangu nguvu haiko kwenye jani, jani ni salamu tu kama shikamoo. Na Desemba watu wakirudi nyumbani, vikao vya kihamba vinavyoanza na makelele, nimeona mzee mmoja akiweka jani mezani na wote wakashusha sauti.

Basi nililichuma moja njiani, nikafunga fundo. Nilimkuta mama yake anamenya ndizi, binti yuko nyuma anafua. Nilikuwa nimezoea kuomba msamaha wa Kiswahili cha wakubwa, ule wa "basi yaishe", "na wewe uwe makini", au kumnunulia mtu soda bila kusema kitu. Safari hii nilijipangia sentensi nikiwa kwenye gari, na nakupa uitumie: taja ulichofanya, taja kwamba ni kosa, omba, alafu usiweke "lakini". Nikamwambia mbele ya mama yake, kwasababu nilimdhalilisha mbele za watu, nikasema nilikufokea, nikakuita jina baya, nikatupa mkasi, nilikosea, naomba unisamehe. Nikampa lile jani kwa mikono miwili. Mtoto wa miaka kumi na tisa. Hakujua afanye nini na mikono yake yenye povu, akaifuta kwenye khanga, akalipokea, akacheka kidogo kwa aibu akasema "mama jamani". Mama yake hakusema kitu, aliendelea kumenya, alafu akaongeza ndizi kwenye sufuria.

Na majirani zangu wa fremu, wale wawili waliochungulia, niliwaambia pia. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko Uru.

Maombi yangu ya asubuhi sasa ni mafupi, nayasema nikifungua kufuli la fremu, Bwana leo nipe sauti ya mwenye fremu kwa watu wa humu ndani. Kwenye daftari bado kuna siku mbaya, wiki jana nilimnunia dada wa nyumbani kwa ajili ya maharage yaliyoungua, siku mbili nzima. Ila Jumamosi binti alikuja mwenyewe na blauzi ya mteja mkononi kabla sijaiona, akasema mama nimeichoma na pasi hapa kwapani. Mkasi nikauweka chini, tukakaa wote tukaitazama dirishani kwenye mwanga. Tumeweka kipande kwa ndani na kushona upya mshono wa ubavu, na mteja nilimpigia mimi nikamwambia.